Moshi wa Shati la Mansur

Siku ya arubaini na tatu ya eda yake, Ummulkheir alikuwa bado hajalia. Waliokuja kumpa mkono wa pole walimsifu kwa subira, naye akawaacha waamini hivyo. Subira gani? Ndani mwake mlikuwa kimya tu. Alikula akipewa, akalala akiambiwa. Nguo za Mansur, mumewe, zilitolewa sadaka wiki ya kwanza, hata kofia ya Ijumaa. Siku moja alinusa godoro, mto na milango ya kabati, asimpate. Tima, dada wa marehemu, alikuwa amefua kila kilichofulika, maana Tima akishika sabuni hashikiki.

Kilichobaki cha Mansur kilikuwa mizinga mitatu ya nyuki, nyuma ya nyumba yao ya Junda, karibu na mikoko. Tangu azikwe haikuvunwa. Ilijaa asali, na nyuki wakawa wakali hata wakamuua mbuzi wa jirani. Mwenye mbuzi, Gedion, alikuja ukutani na adabu zake zote.

"Mama, pole tena kwa msiba. Lakini Jumamosi nakuja na petroli, nichome hiyo mizinga. Mimi niko na watoto."

Tima akasema atavuna yeye. Alijifunga leso mbili, akashika kisu, akatoka vile vile na udi aliojifukiza asubuhi. Hata mzinga wa kwanza hakuufikia. Alirudi mbio, jicho limefura, akiwatukana nyuki na ukoo wao wote.

Ummulkheir alipokuwa akimkanda jicho, alikumbuka kuwa siku ya kuvuna Mansur hakugusa sabuni wala mafuta. Nyuki hawapendi harufu ngeni, alikuwa akisema. Na mjane aliye edani hajitii manukato. Junda nzima hapakuwa na mtu asiye na harufu kama yeye.

Ijumaa, baada ya alasiri, alijifunika chandarua, akachukua bomba la moshi la mumewe, lile la kubinya, la kutulizia nyuki. Ndani mlikuwa na makumbi ya nazi na kitambaa kilichoungua nusu. Hakukitazama. Alikitia kiberiti, akafukiza, akafunua mzinga wa kwanza.

Upepo ukageuka, moshi ukamrudia usoni. Ulikuwa na jasho la Mansur. Alichungulia bombani akaona kola ya shati lake la kazi, la buluu, na kifungo kimoja kikiyeyuka. Angeweza kuumwaga ule moto, akaukanyaga, akaokoa kipande. Moyo ulimuuma, mara ya kwanza tangu mazikoni. Lakini mzinga ulikuwa wazi, nyuki wakimtambaa mikononi, na Gedion yuko ukutani anatazama. Akabinya bomba tena. Akaenda mzinga wa pili, akaenda wa tatu. Nyuki walitulia, na kola ikawa majivu.

Gedion alipewa ndoo ya masega. Akasema petroli yake ataitia kwenye pikipiki.

Tima alimpokea Ummulkheir mlangoni, jicho moja limefumba. "Wifi, wanuka moshi. Vua nguo hizo nikufulie."

"Ziate vivyo hivyo."

"Zina masizi."

"Nimekwambia ziate, Tima."

Akaingia chumbani, akafunga mlango. Alijilaza na nguo zile zile, pua ameizika kwenye mkono wa gauni, akavuta pumzi kidogo kidogo, asije akaimaliza harufu.