Alama ya Maji Ukutani

Watalii aliowaongoza hifadhini walimwita Kasuku, na jina lilimkaa sawasawa. Mpe ndege mmoja tu juu ya tawi, atamsemea mpaka ndege mwenyewe aone haya. Lakini mkewe, fundi cherehani, alimjua mtu mwingine kabisa: anaingia nyumbani, anavua viatu vya kazi, anakula, kisha anatulia kama maji mtungini. Tangu mafuriko yamchukue binti yao, neno "mtoto" halikutamkwa tena mezani pao.

Siku ile mkewe alipanda basi la wageni kwa sababu moja. Kaka yake alikuwa amewapatia nyumba mjini, mbali na bonde, mbali na mto, na alitaka jibu kabla ya jioni. Kila mara fundi alipomwomba mumewe wahame, alijibiwa "tutaona", basi, mazungumzo yakaishia hapo. Safari hii aliamua kumfuata kazini. Nyumbani mwanamume ana pa kujifichia. Mbele ya wageni hana.

"Umekuja kuangalia viboko?" Kasuku alimuuliza kwa sauti ya chini mlangoni mwa basi.

"Nimekuja kukuangalia wewe, baba. Leo unijibu."

Akaketi kiti cha nyuma, kati ya watu wasiomjua. Asubuhi yote waliimaliza hifadhini. Mawingu yalikuwa mazito, viboko wamezama mpaka puani, na mto ulipita taratibu, mchafu, kana kwamba haujawahi kumkosea mtu. Fundi hakuutazama. Alimtazama mumewe akiwavunja watu mbavu, akimshika mkono mama mmoja mzee kumpandisha kwenye jukwaa la kuangalia ndege huku akimwita bibi harusi, na wivu ukamchoma. Kumbe maneno yote haya anayo. Wageni wanayapata bure bilashi, na yeye aliyemzalia anaambulia "chumvi iko wapi".

Mchana wakafika nyumba ya kivuko, jengo la mawe ambamo watu wa zamani walisubiri kuvushwa kabla daraja halijajengwa. Ndani, ukutani, juu ya kichwa cha mtu mrefu, ulichorwa mstari mwekundu kuonyesha maji yalipofika. Nyuma ya jengo zamani palikuwa na nyumba za wafanyakazi wa hifadhi, yao ikiwemo; sasa ni majani matupu. Fundi hakuwa amepakanyaga hapa tangu msiba. Akashika dirisha.

"Mto uliingia alfajiri, watu wamelala," Kasuku alianza. "Familia moja ilikuwa na binti mdogo. Maji yakampokonya mikononi mwa baba yake."

Mpaka hapo ilikuwa kweli, na ndiyo mara ya kwanza mkewe kuisikia kinywani mwake. Yaliyobaki aliyajua mwenyewe. Mtoto aliokotwa kwenye matete, na yeye ndiye aliyeketi kwenye cherehani kumshonea gauni la kuzikiwa.

Kasuku alimtazama mkewe, akasita. Kisha akawageukia wageni.

"Kulipokucha wavuvi wakamkuta juu ya mkuyu ule pale," alisema. "Kang'ang'ania tawi, analilia chai."

Wageni wakacheka, wengine wakapiga makofi. Hasira ilimpanda fundi mpaka masikio yakamvuma. Angesema neno moja tu pale, uongo wote ungekwisha.

"Na sasa yuko wapi?" yule mama mzee aliuliza.

"Yuko chuo, mama. Ndiyo kwanza ameanza, anasomea uuguzi. Mkaidi huyo. Kusuka hataki, anasema nywele zinamuuma."

Fundi alipiga hesabu kimoyomoyo. Naam, mwaka huu angekuwa ameanza chuo. Kumbe mumewe alikuwa akimlea mtoto huku peke yake, darasa baada ya darasa, ukaidi na yote. Ndipo alipoielewa ile "tutaona". Kwa Kasuku, kuhama bonde ni kumzika binti yake mara ya pili, na mara ya kwanza tu ilikuwa imemshinda.

"Anafanana na nani?" fundi aliuliza, kama mgeni yeyote.

Kasuku alimgeukia. "Na mama yake. Hasa akikasirika."

Wageni wakacheka tena. Walipotoka nje, rasharasha zilikuwa zimeanza, na simu ya fundi ikaita. Alikuwa kaka yake.

"Haya dada, mmeamuaje? Mwenye nyumba ananisumbua."

Kasuku alikuwa amesimama kando ya basi, akijifanya anahesabu watu.

"Mwambie ampe mtu mwingine," fundi alisema. "Huku tuna mtoto. Hatuwezi kumwacha peke yake."

Kaka yake, aliyelibeba lile jeneza dogo kwa mikono yake mwenyewe, akauliza, "Mtoto gani, dada?"