Achari Isiyoliwa

Simu ya Bimala ilinikuta jikoni napasha mafuta ya haradali. Baba yangu amefariki, akasema, sasa hivi. Nirajan hashiki simu. Mwambie aje haraka, mtoni wanamngoja yeye.

Baba mkubwa hakujaliwa mtoto wa kiume. Alikuwa na binti yake Bimala, na mdogo wangu Nirajan aliyemsomesha, na ukoo mzima ulijua nani angemwashia moto wa kumchoma huko mtoni. Sasa anayewasha moto hukaa ndani siku kumi na tatu, kichwa kimenyolewa, hagusi mtu, hali chumvi. Na ndege ya Nirajan ya kurudi Doha ilikuwa kesho. Tajiri wake alishasema, ukichelewa safari hii usije tena.

Msiba kwetu una masharti. Kama hujasikia, haujakushika. Ukishasikia tu, chumvi inatoka jikoni, na hakuna tika, ile rangi dada anayompaka kaka pajini siku kama ya leo, wala shada la maua. Mwaka juzi tuliikosa sikukuu kwa msiba wa bibi, na kabla mwaka haujaisha Nirajan akaanguka kutoka ghorofani kazini. Mama hajaacha kulisema. Kaka asiyepakwa tika na dada yake, Yama, mungu wa mauti, anamwona waziwazi.

Mimi nilishasikia, mikono yangu ilishanajisika. Nikisema, namfunga hapa. Nikinyamaza, nampaka mauti kwenye paji la uso. Nilimkasirikia Bimala, maskini, kana kwamba yeye ndiye aliyeua.

Nikazima simu, nikatoka uani na mafuta yangu.

Nirajan alishakaa mkekani. Nikamzunguka mara tatu, nikidondosha mafuta, na duara likishafungwa hatoki mtu mpaka dada amalize. Nikampaka rangi saba pajini, ya njano ikamchuruzika puani. Akanitania kama napaka ukuta. Nikamvika shada, nikaenda mlangoni kupasua jozi, kokwa ngumu ya kumkinga kaka, kwa jiwe. Ikapasuka pigo la kwanza, na mama akashusha pumzi.

Nikamwekea sinia: vikate vya mchele, ndizi, machungwa, na achari ya viazi na ufuta aliyonisumbua nayo wiki nzima kama mwenye mimba. Akala ndizi. Akala chungwa. Bakuli la achari akalisogeza pembeni kwa kidole.

"Huli? Si nimekupikia wewe?"

"Ina chumvi, dada," akasema polepole, mama asisikie.

Nikamtazama. Macho yalikuwa mekundu, na mimi mjinga nilidhani ni moshi wa ubani. Nikafungua mdomo, akatikisa kichwa.

"Wewe hujaniambia kitu," akasema. "Na mimi sijasikia."

Nilikuwa nimemaliza, angeweza kuinuka. Hakuinuka. Tulikaa hivyo, yeye ndani ya duara, mimi nje, mpaka basi likapiga honi barabarani. Akanigusa miguu, akamkumbatia mama, akashuka na begi lake na shada shingoni. Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka kumfungia ndani asiende. Sikumsindikiza hata hadi barabarani.

Basi lilipopotea ng'ambo ya daraja, nikammwagia mbwa ile achari. Maua tuliyomvika siku yake, siku ya mbwa katika sikukuu hii, yalikuwa yamemnyaukia shingoni. Aliilamba yote.

Ndipo nikamwita mama, nikamwambia aondoe chungu cha chumvi jikoni.