Kifusi cha Ngazi za Kijani

Soko la zamani lilimwangukia mke wangu akiwa anadeki ngazi. Ngazi zenyewe zilikuwa za rangi ya kijani, na alizisugua kila asubuhi mpaka zikang'aa. Wakubwa walikuja na miwani yao myeusi, wakasema ni kazi ya Mungu. Mungu haji kukanusha, ndiyo maana wanamsingizia.

Soko jipya likaanza kujengwa palepale. Wakatuletea mtaalamu wa kupunguza hasara, bwana mmoja wa kofia nyeupe isiyojua vumbi. Sisi vibarua tulimbatiza Hakipotei. Mbao zing'olewe misumari, zitumike tena: hakipotei kitu! Maji ya kuoshea makoleo yamwagwe kwenye matofali: hakipotei kitu! Hayo sikuyapinga. Hata marehemu alikuwa hatupi kipande cha sabuni.

Halafu akasema kifusi cha soko la zamani kisiende jalalani. Kipondwe kiwe kokoto, kifukie njia za nje. Nikapewa nyundo. Ukigonga kipande mara moja tu, kinamong'onyoka kama mkate mkavu, na vingine bado vina rangi ya kijani, vinakutazama.

Kokoto za mlimani zilipochelewa, nikaona matoroli yangu yanazipita zile njia, yanakwenda kwenye mashine ya zege. Zege la nguzo.

Nikamkimbilia msimamizi wetu, ambaye ni kaka wa marehemu.

"Shemeji, kile kifusi si cha njia?"

"Kilikuwa cha njia."

"Kimeua kikiwa ngazi, sasa mnakipandisha cheo kiwe nguzo?"

Vibarua wakacheka. Yeye hakucheka. "Kazi yako nyundo, shemeji, si mdomo. Wenye mdomo wako ofisini."

"Dada yako alifukuliwa humo."

"Nimesema nyamaza!"

Nikamfuata Hakipotei mwenyewe. Akanipiga bega. "Mzee wangu, wewe ni mfano. Tunautoa msiba, tunaingiza thamani." Akanipiga picha na nyundo yangu. Kesho yake nilijikuta nimetundikwa getini.

Mbao zilizoshikilia zege zilipobanduliwa, nguzo zilikuwa na madoa ya kijani kama mtoto mwenye surua. Hazikukaa hivyo. Zikapigwa lipu haraka, zikapakwa rangi nyeupe. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Labda huko kwingine. Hapa anayeficha hakai chini ya nguzo.

Soko likafunguliwa, na kazi ya usafi akaipata binti yangu, mtoto wetu wa pekee. Mjomba wake ndiye aliyemwombea. "Amerithi kazi ya mama yake," akaniambia, kana kwamba ananipa zawadi.

Nilimkataza binti. "Sasa baba, tutakula nyundo?" akanijibu, akaenda.

Jana alirudi, akasimama mlangoni anakung'uta kitambaa cha kichwa. "Nimefagia ukumbi, nageuka, vumbi. Nafagia tena, vumbi. Sijui linatoka wapi hilo, baba, na hakuna hata upepo."

Nikainama sakafuni. Ndani ya ule unga mweupe palikuwa na chembe ya kijani.

Leo alfajiri nimejilaza kizingitini, kichwa ukuta huu, miguu ukuta ule. Akaja na ndoo yake.

"Baba, inuka, nachelewa."

"Niruke."

Huyu amelelewa na mama yake. Hajawahi kumruka mtu mzima aliyelala, sembuse mimi. Akasimama pale.

"Na kesho utalala hapa?"

"Nitalala."

"Na keshokutwa?"

Ndoo hakuitua. Nje watu walikuwa wameshaanza kupita kwenda sokoni, kinamama na vikapu vyao, watoto mgongoni, wanacheka.