Sauti ya Kumuozesha Tasnim

Sauti ya Abdulhafidh haikuhitaji simu. Alipokuwa akizungumza na ndugu zake wa Unguja, amesimama uani kwake Sugar Land, mkewe Mwatime alikuwa akimtania: "Kata simu, bwana, umalize hivyo hivyo, watakusikia." Basi sauti hiyo ndiyo iliyoanza kumkimbia, wiki sita kabla ya harusi ya binti yake.

Ilianza kwa kukwaruza asubuhi. Alimwita Tasnim, ikatoka kama bawaba ya mlango isiyotiwa mafuta. Akacheka, akasema ni AC. Texas bwana, nje tanuri, ndani friji, nani asiyepata mafua? Lakini siku zikapita, mafua hayaji na sauti hairudi. Kazi yake ilikuwa kuwaendesha wagonjwa wa figo kwenda kusafishwa damu, na wazee wale, waliozoea salamu zake za nguvu, wakaanza kumuuliza mgonjwa ni nani humo garini.

Huyu bwana akajitia udaktari. Kila alfajiri ndimu tatu, tangawizi ya kuponda, pilipili manga na asali, anakunywa vya moto. Ndivyo alivyotibiwa koo tangu utotoni, na Mwatime alimtengenezea bila kuuliza. Mchana alitafuna tangawizi mbichi njiani. Sauti ikizidi kukwaruza, naye anazidisha ndimu. Kifua kikawaka moto, maji machungu yakampanda mpaka kooni, akadhani dawa inafanya kazi. Si inawasha? Dawa isiyowasha ni dawa gani!

Wallahi, aliogopa. Baba yake, Mungu amrehemu, alianza hivi hivi. Siku ya kumuozesha dada yake Abdulhafidh, mzee hakuwa na sauti hata ya kuitikia salamu. Alikaa mkekani midomo inacheza, mtu mwingine akasema maneno kwa niaba yake, naye akawa anatikisa kichwa huku machozi yanamtoka. Baada ya miezi mitatu walimzika. Ilikuwa kansa ya koo. Tangu siku ile Abdulhafidh alijiapia kwamba binti yake atamuozesha kwa mdomo wake mwenyewe. Na binti alikuwa huyo mmoja tu.

Kwa hiyo hakwenda hospitali. Msimcheke, ndivyo binadamu tulivyo. Aliona daktari akilitaja lile jina tu, nyumba itageuka matanga kabla haijawa harusi.

Zikiwa zimebaki wiki tatu, akaja Hadiya, mpwa wake, binti wa yule dada. Alikuwa nesi, anaishi Pearland, na siku hiyo alikuja kujaribu nguo za harusi pamoja na Tasnim. Alimkuta mjomba wake jikoni anakamua ndimu, mkono mmoja umeshika kifua.

"Mjomba, sauti hiyo ina muda gani?"

"Mafua tu, mwanangu."

"Mafua ya wiki ngapi?"

"Tatu."

"Na ukilala, unaamka na maji machungu mdomoni?"

Abdulhafidh akaendelea kukamua. Hadiya akaichukua glasi, akaimwaga yote kwenye sinki.

"We mtoto, una wazimu?"

"Mwenye wazimu si mimi. Mimi nadhani unaumwa tumbo halafu unajitibu koo. Ukilala asidi inapanda, inakuunguza pale pale penye sauti. Asubuhi unaamka unapamwagia ndimu na pilipili manga. Pangepona vipi?" Kisha akashusha sauti. "Lakini hayo ni makisio yangu. Lazima wakuangalie kwa kamera, na wewe unajua kwa nini."

Alijua. Hadiya akamtafutia miadi ya Jumatano, siku tatu kabla ya harusi, na jioni ile ile Abdulhafidh akapiga simu kuifuta. Baada ya harusi, alisema. Hadiya aliposikia alimwambia waziwazi, "Mficha maradhi kifo humuumbua, mjomba." Abdulhafidh akamsihi asimwambie mtu, hasa Tasnim. Hadiya akakubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba chakula atakula anavyoambiwa.

Na masharti yenyewe sasa! Ndimu marufuku. Nyanya, pilipili, kahawa, vya kukaanga, chokoleti, hata mnanaa wa kwenye chai, marufuku. Ale kidogo kidogo, cha mwisho saa kumi na mbili jioni, halafu asilale mpaka saa tatu zipite. Asubuhi uji wa oti na ndizi mbivu, mchana wali mweupe na kuku wa kuchemsha. Kitanda kikainuliwa kwa matofali upande wa kichwani, na Mwatime, aliyeambiwa kuwa ni kiungulia tu, akawa anaamka amejikunja kule chini kwenye miguu ya mumewe. "Miaka ishirini na saba nimeolewa," alilalamika, "sijapata kulala mlimani."

Kila asubuhi alijifungia chooni kujaribu. "Nimekuozesha binti yangu..." Wiki ya kwanza ilikatika kwenye neno la mwanzo. Wiki ya pili ilifika kwenye "binti". Jumatatu ya wiki ya harusi alionja kijiko kimoja cha mchuzi wa nyanya, kijiko kimoja tu, na Jumanne akaamka bubu. Hofu aliyoipata siku hiyo hakuwahi kuipata maishani. Alhamisi sentensi nzima ikatoka, nyembamba lakini nzima, akakaa juu ya kifuniko cha choo akalia.

Ijumaa baada ya sala wakwe wakaingia kutoka Fort Worth. Alikuja Faraj, baba wa bwana harusi, mtu wa vicheko, mwanawe Riyadh, sheikh wa kufungisha ndoa kesho yake, na jamaa zao wawili. Mwatime akatandika sinia la biriani kwa wanaume wote sita. Masikini Abdulhafidh! Rojo la nyanya linaelea mafuta, vitunguu vya kukaanga juu, pilipili ya kusaga, achari ya ndimu pembeni, maadui zake wote wamemkalia duara. Sahani yake ya wali mweupe ilikuwa jikoni imefunikwa, na aliona haya kuiita. Mwenyeji gani huyo anayekula chake peke yake mbele ya wakwe?

Wakasema bismillahi. Yeye akawa anaokota punje za wali kwenye ukingo wa sinia, zile ambazo rojo halijazifikia. Faraj akamwona. Akachagua pande zuri la nyama, linachuruzika rojo, akamwekea mbele yake.

"Kula, mkwe. Tusije tukasema umetutilia kitu ambacho mwenyewe unakiogopa!"

Wakacheka. Halafu, kwa kuwa yeye hakucheka, wakaacha kucheka. Mikono ikasimama sinia nzima. Mwenyeji asipokula, mgeni naye anameza vipi?

Abdulhafidh akainyanyua ile nyama. Akaisogeza mpaka karibu na mdomo. Rojo likamdondokea kwenye kanzu. Aliwaza Jumanne, akawaza kesho. Akairudisha.

"Siwezi," alisema. "Si chakula, jamani. Naumwa."

Na alipoanza, hakuweza kuacha. Aliwaeleza koo, akawaeleza baba yake alivyokaa mkekani, akawaeleza kamera na miadi aliyoifuta. "Sina ninachotaka ila kesho nimuozeshe mwanangu kwa sauti yangu. Hilo tu." Na kila alivyosema sauti ilizidi kwisha. Aliisikia inavyokwisha, nayo ndiyo aliyokuwa ameiweka akiba ya kesho.

"Usijali," sheikh akamwambia kwa upole. "Utaniweka mimi wakili wako, niseme kwa niaba yako. Wengi wanafanya hivyo."

"Hapana."

"Baba."

Wakageuka. Tasnim alikuwa amesimama kwenye ngazi, mikono miwili juu, hina haijakauka. Bibi harusi hajitokezi mbele ya wakwe siku moja kabla ya harusi. Mwatime, kwenye mlango wa jikoni, akashika kichwa. Wanaume wakainamisha macho kwenye biriani.

Huyu binti siku zote alikuwa akimjibu baba yake kwa Kiingereza. Siku hiyo alisema Kiswahili, tena cha ghadhabu.

"Umefuta daktari kwa ajili ya harusi yangu?"

"Mwanangu, nilitaka ipite kwanza..."

"Usiseme, Baba. Usimalize sauti." Akamgeukia sheikh. "Sheikh, ndoa inataka nini?"

"Walii wa kukuozesha, bwana harusi, mashahidi wawili, na ridhaa yako," sheikh akasema. "Na karatasi za serikali, ambazo mmeshanionyesha."

"Basi walii huyo hapo. Bwana harusi yule hapo siniani. Mashahidi hao. Mimi nimeridhia. Kesho tutakwenda ukumbini tupige picha. Sasa hivi baba yangu ana sauti, aniozeshe sasa hivi."

Faraj alimtazama mkewe... la, mkewe hakuwapo, alikuwa bado hotelini, akamtazama mwanawe. Riyadh alikuwa ameshasimama, rojo limemfika kwenye kifundo cha mkono.

"Mimi tayari," alisema.

"Kanawe kwanza, bwana!" Faraj akamfokea, na watu wote wakacheka kicheko cha watu walioogopa.

Sinia likaondolewa. Sheikh akasoma hutuba fupi. Abdulhafidh akashikana mkono na Riyadh, mkono wa kijana umelowa na una baridi. Akameza mate.

"Riyadh bin Faraj," alisema, "nimekuozesha binti yangu Tasnim, kwa mahari..."

Ikakatika. Midomo ikaendelea bila sauti. Sheikh akainama mbele kumsaidia, Abdulhafidh akatikisa kichwa kwa nguvu. Akasubiri. Wote wakasubiri. Mwatime alikuwa ameuma ukingo wa mtandio wake. Akavuta pumzi, akalitafuta neno huko lilikojificha, akalitoa.

"...kwa mahari mliyokubaliana."

"Nimekubali kumuoa," Riyadh akasema upesi, asije akachelewa.

Mwatime akapiga kigelegele cha kuamsha mtaa mzima. Abdulhafidh akafungua mdomo amwombee dua mwanawe, pakatoka pumzi tupu. Sheikh akamwombea yeye.

Tasnim akashuka ngazi, akaja kukaa sakafuni karibu na baba yake.

"Harusi imeshapita, Baba. Jumatatu nakupeleka mimi."

Abdulhafidh akatafuta udhuru mwingine. Alitafuta kweli, wala hakuuona. Akamwinamia sikioni.

"Naogopa, mwanangu," akamnong'oneza.

"Na mimi naogopa," Tasnim akasema, akamlalia begani, mikono yenye hina ameinyoosha mbali asimchafue.