Mvushaji Katika Kaburi la Mfalme

Jumanne moja ya Machi 1961, saa tisa alasiri, Etelka Somlai alikuwa akipiga deki kwenye chumba cha makaburi chini ya abasia ya Révfok, nyumba ya zamani ya wamonaki kando ya ziwa Balaton, bamba la kaburi la mfalme liliposogea. Mwanamume mfupi akainuka mle ndani, akaketi na kuanza kukamua maji kwenye mikono ya shati lake.

"Usikanyage hapo," alisema Etelka. "Pameshadekiwa."

"Samahani, mama."

Alikuwa anatetemeka kwa baridi. Etelka akamkatia nusu ya mkate wake uliopakwa mafuta ya nguruwe, na kipande cha kitunguu. Aliula kwa pupa.

"Nilidhani wafalme mna adabu mezani."

"Mfalme gani? Mimi naitwa Bodó. Navusha watu."

Alieleza huku akitafuna. Mfalme aliuawa vitani ng'ambo ya ziwa, maiti yake ikapakiwa kwenye mashua ya Bodó. Upepo ukaipindua, na mfalme, pamoja na chuma chote alichovaa, akazama moja kwa moja. Bodó aliogelea mpaka nchi kavu. Lakini wamonaki walikuwa wameshachonga jiwe la kaburi, na mrithi alikuwa njiani kuja kuzika. Abate, mkuu wao, akamtazama Bodó kimo, akaona anatosha.

"Walinipiga kwa kasia langu mwenyewe. Mke wangu wakamwambia nimetoroka. Naomba jina langu liandikwe kwenye hili jiwe, basi."

Etelka alimwelewa. Mumewe Vendel, fundi wa matrekta, alichukuliwa miaka kumi na mmoja nyuma, siku serikali ilipowapakia wamonaki kwenye lori. Kosa lake lilikuwa kumuuliza dereva wanapelekwa wapi. Akapandishwa naye. Hapakuja barua wala jeneza.

"Huko chini hujamwona Vendel wangu?"

"Huko chini tuko wenye makaburi, mama. Wengine sijui wanawekwa wapi."

Ndugu Kardos, mkurugenzi, maana abasia sasa ilikuwa makumbusho, alishuka akamsikiliza Bodó mpaka mwisho, akampa mkono.

"Siwezi, Shangazi Etelka," alisema walipopanda ngazi. "Vitabu vya shule vimeshachapwa. Mwambie saa za kazi awe analala."

Mwezi wa Mei akaja naibu waziri na shada la maua. Alipoinama kuliweka, Bodó akaketi.

"Mimi ni Bodó, mvushaji. Waliniua."

Naibu waziri akavua kofia, akawageukia waandishi wa habari. "Mmesikia? Hata mfalme wetu alijihesabu mfanyakazi!"

Wakapiga makofi. Bodó akajilaza mwenyewe, akavuta bamba.

Kesho yake Etelka alishuka na koti la kazi la Vendel, la buluu, limepungukiwa kifungo kimoja, na kiwikoni lina doa jeusi ambalo sabuni ilishindwa kulitoa.

"Sogea kidogo," alimwambia Bodó.

Bodó akajibana ukutani. "Alikuwa mnene?"

"Wa kawaida."

"Basi tutaenea."

Etelka akalitandaza koti kando yake, akalinyoosha kola. Akasali sala ya maziko, kiasi alichokikumbuka, kisha akalia kwa sauti, kilio ambacho kwa miaka kumi na mmoja hakuwa na mahali pa kukilia. Bodó aligeuza uso ukutani ili asimtazame.

Jumamosi Ndugu Kardos alilikuta koti. Hakugomba. Alilitoa, akaliweka mlangoni ndani ya sanduku la kioo, na kadi iliyoandikwa kwa mashine: *Vazi la mfalme, karne ya kumi na moja.*

"Wageni wakiuliza kuhusu hilo doa, Shangazi, ni damu ya vitani."

"Ni grisi, Ndugu Kardos."

"Najua."

Jumapili walikuja walimu thelathini kutoka mji wa Győr. Walipita mbele ya kioo mmoja mmoja, kofia mkononi. Mwalimu mmoja, msichana mwenye miwani, akanyoosha kidole kuelekea kiwiko cha Vendel, akauliza ile ni nini.

Etelka akamwambia ni damu.