Marahaba ya Minza

Mama mkwe wa Nyamizi alishuka kwenye treni ya Tabora siku ya Jumatatu, akafika mtaa wa Majengo na kapu moja, kuku wawili, na neno lake likiwa tayari mdomoni. Kabla hata ya kukaa alisema kwamba Alhamisi anarudi kwao Bukombe, na ataondoka na mjukuu wake Minza. Kule kuna mtu wa dawa, ameshaongea naye. Mtoto wa miaka mitano asiyejua kuongea na watu haachwi hivihivi.

Nyamizi alimtazama mumewe. Malale alikuwa fundi baiskeli hodari, rimu iliyopinda vibaya aliinyoosha kwa nusu saa, lakini mbele ya mama yake hakuwa na ubavu. Alijikuna shingo, akasema watazungumza. Nyamizi akajua hapo hapo kwamba hana wa kumsemea.

"Minza," aliita, "mwamkie bibi."

Minza alikuwa amechuchumaa kwenye baiskeli iliyopinduliwa, anazungusha gurudumu na kutazama spoku. Hakugeuza uso. Kwa sauti safi, bila haraka, alisema, "Marahaba."

Pale Majengo mtoto akivunja chungu husamehewa kabla ya jioni. Asipomwamkia mkubwa, atasemwa wiki nzima. Lakini kuipokea shikamoo ambayo hajapewa, tena na bibi yake mzaa baba, kosa hilo hata adhabu yake ilikuwa haijulikani.

"Mmemfundisha nyie?" bibi aliuliza.

"Hapana, mama. Ndivyo anavyoisikia."

Bibi hakuuliza maana ya jibu hilo. Na jina la Minza alilitoa yeye mwenyewe, kwa kuwa mama yake mzazi aliitwa hivyo na hakutaka jina lipotee. Alipokuja kumwona mtoto akiwa mchanga alimpakata siku nzima akimwita mayu, yaani mama, kama Wasukuma wanavyomwita mtoto aliyerithi jina la mzazi. Kisha miaka ikapita, mtoto hakuongea na watu, na ile mayu ikaisha kimyakimya. Siku hizi bibi alisema tu "huyu mtoto", na Nyamizi aliumia kila alipolisikia.

Nyamizi naye hakuwa na jina la hali ya mwanawe. Hospitali alikwenda mara mbili, akaambiwa masikio ni mazima, asubiri. Hakusubiri, aliamua kumsoma. Alijua kwamba maji lazima yawe kwenye kikombe cha kijani. Alijua kuipita mbali mashine ya kusaga, maana ngurumo yake ilimtesa Minza mpaka akajing'ata mikono. Na kabla ya kutoka popote alimwonyesha kitu kwanza, ndoo ndogo wakienda bombani, kitenge cha njano wakienda kanisani. Bila hivyo Minza angejitupa chini njiani, na wapita njia wangeanza kugawa ushauri wao wa bure.

Jumanne Nyamizi alikwenda bombani peke yake. Aliporudi alisikia kilio tangu kwenye kona. Minza alikuwa anapiga kichwa ukutani, na bibi amesimama kando yake.

"Sijamgusa," bibi alisema. "Kanifuata, kaniuliza, unataka maji? Nikamwambia sitaki, nimekunywa. Akauliza tena. Nikamwambia asante, sitaki. Mara ya tatu ndio akaanza hivi."

Nyamizi alichota maji kwa kikombe cha kijani. Minza akanywa yote, akapumua, akarudi kwenye gurudumu lake.

"Alikuwa anaomba, mama. Mimi nikimpa maji namuuliza, unataka maji? Sasa kwake ndivyo maji yanavyoombwa. Neno analirudisha kama alivyolipokea."

Bibi alikaa kwenye kigoda. "Kwa hiyo nimemnyima maji mara tatu, na asante juu."

Nyamizi alitaka kucheka, akajizuia.

"Na ile marahaba?"

"Mkubwa akija, namwamkia mimi kwa niaba yake, nimemshika mkono. Mkubwa anajibu marahaba. Basi Minza anajua mgeni akija, neno ni hilo."

Jumatano, kabla ya kutwanga mahindi, bibi alichukua mchi akamwonyesha Minza, akaugonga taratibu mara moja kwenye kinu. Minza alijiziba masikio, akaenda zake nyuma ya nyumba bila kelele. Nyamizi aliyaona hayo kutoka jikoni na moyo wake ukapata nguvu. Jioni akajitosa.

"Mama, nakuomba asiende. Kule akiuliza habari ya maji, nani atajua kwamba kiu ni yake?"

"Mimi najua sasa," bibi alisema.

Hilo Nyamizi hakulitarajia. Alikunja magauni mawili ya Minza, machozi yanamdondoka, akayaweka kwenye kapu. Malale alikuwa anapaka grisi kwenye mnyororo ambao haukuhitaji grisi.

Alhamisi asubuhi bibi alilileta kapu mbele ya Minza, akamwonyesha, kama alivyojifunza. "Tunasafiri," alisema.

Minza alichungulia ndani. Akatoa gauni moja, akaenda kulitundika kwenye msumari wake. Akarudi, akatoa la pili, akalitundika juu ya la kwanza. Hakulia wala hakumtazama mtu. Kisha akachuchumaa kwenye baiskeli, akalizungusha gurudumu.

Bibi aliyatazama yale magauni. Halafu alipiga magoti kwenye vumbi, kama alivyompigia magoti mama yake enzi hizo.

"Shikamoo, mayu," alisema.

"Marahaba," Minza alijibu.

Bibi aliinuka akipangusa magoti. Alipozungumza, alimgeukia Malale. "Chukua baiskeli unipeleke stesheni. Mama amekataa kusafiri, na mimi sijawahi kubishana naye."

Nyamizi alimsogezea mkwewe kapu, akamfunga vizuri kitenge mabegani.

Walikuwa wamefika mlangoni Minza alipowafuata. Alishika pindo la kitenge cha bibi, akauliza, "Unataka maji?"

Malale alisema treni haitawangoja. Bibi aliweka kapu chini, akarudi ndani kutafuta kikombe cha kijani.