Jogoo wa Manyoya Matatu

Uongo wa fundi visu ulikuwa na umri wa miaka ishirini, na ulikuwa umekua vizuri, haujaugua hata siku moja. Siku ya posa alimwambia baba mkwe kwamba hajawahi kumwona bintiye, amesikia sifa zake tu. Mzee, mtu wa msimamo, alimkubali kwa sababu hiyo hasa. Kumbe binti alikuwa ameshafika kibandani kwake mara saba, akileta na kufuatilia kisu cha kukunja cha marehemu babu yake, ambacho bapa lake alilivunja akifungulia kopo. Kubadili bapa ni kazi ya saa moja. Fundi aliifanya wiki nzima.

Sasa kisu hichohicho kilikuwa mezani pake, juu ya gazeti, na mkewe, baba mkwe na baba mdogo wa mkewe wamekizunguka. Ndugu hao wawili walikuwa wamebishania kisu hicho maisha yao yote. Mkubwa alisema ni urithi wa baba yao. Mdogo alisema ni cha dukani.

"Mkwe wangu atasema ni cha zama zipi," mzee alisema. "Kikiwa cha baba, wewe funga mdomo mpaka tuzikane."

Fundi alifuta shina la bapa kwa mafuta ya taa, akashika lenzi. Jogoo akatokea, mdogo kama chawa. Kiwanda kilichotengeneza visu vya aina hiyo kiligonga chapa ya jogoo kwenye kila chuma chake: wa zamani ana manyoya matatu mkiani, wa baadaye matano. Wa matano alianza kugongwa wakati baba wa wazee hawa ameshalala kaburini miaka minane.

"Mangapi?" baba mdogo aliuliza.

Njia ya mwongo ni fupi, na ya fundi ilikuwa imeishia mezani hapo. "Matano," alisema. "Lakini bapa hili lilibadilishwa."

"Na nani?"

Mkewe alitazama dari. Mzee alimtazama binti, akamtazama mkwe, akaanza kukunja vidole akihesabu miaka. "Kisu hiki hakijatoka sandukuni tangu huyu aolewe," alisema polepole. "Ina maana nyinyi wawili..."

"Bapa si hoja!" baba mdogo alimkatiza. "Fungua mpini. Springi nayo ina chapa."

"Hakuna haja," mzee alisema, haraka mno.

Haraka ile haikumpita fundi. Akagonga ribiti, kipini cha chuma kilichoushika mpini, nao ukaachia. Mara ya kwanza alipokifungua, macho yake yalikuwa kwa mteja, si kwa springi. Leo aliinama sawasawa. Manyoya matano. Mzee alikuwa anatokwa jasho kana kwamba yeye ndiye anayeposa.

"Baba, hebu hesabu mwenyewe," fundi alisema, akimpa lenzi.

Mzee aliinama karibu naye, akanong'ona, "Cha baba kilipotea kabla sijaoa. Nikanunua hiki, mama asijue."

"Nami nilimwona binti yako kabla ya posa."

"Mara ngapi?"

"Saba."

Mzee aliinuka na kutangaza, "Matatu!"

"Matatu," fundi aliunga mkono, huku ribiti ikirudi mahali pake.

"Haiwezekani!" baba mdogo alifoka. "Hicho si cha baba, najua!"

"Unajuaje, baba mdogo?" mke wa fundi aliuliza.

Baba mdogo alichukua kofia yake na kuondoka.

Asubuhi ya pili alirudi peke yake. Alitoa kitu mfukoni, kimefungwa kwenye leso. "Cha rafiki yangu," alisema bila kumtazama fundi. "Alikuwa na uhakika nacho, sasa hana. Ni cha zama zipi?"

Kilikuwa kisu cha kukunja, pacha wa kile cha jana. Fundi alifuta shina, akahesabu. Moja, mbili, tatu. Akahesabu tena, kwa raha zake.

"Matano," alisema. "Cha dukani. Mpe pole rafiki yako."

Baba mdogo alikitazama kisu. Unaiba kitu ujanani, unakificha mpaka mvi, halafu unaambiwa kila duka lilikuwa nacho! Akakisukuma mbali. "Kitupe," alisema. "Rafiki yangu hakitaki."

Adhuhuri haijafika, fundi alikuwa sebuleni kwa baba mkwe. Alimwekea kisu mkononi na lenzi juu yake. "Usiniulize kimetoka wapi, baba. Hesabu tu."

Mzee alihesabu. Alifuta macho kwa kiganja, akahesabu tena, kisha akakifumbata kisu kifuani.

"Mara saba," alisema hatimaye, "si nyingi."